Familia yetu iko Ohio, tunataka kuanza kuwekeza: 401(k), UTT au kiwanja nyumbani?

#1 Baba Nasra (Columbus)
Habari wakuu, niende moja kwa moja. Mimi na mama watoto tuko Columbus, mimi niko ghalani, yeye anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, watoto wawili wanasoma. Wote tuna grini kadi. Tukishalipa pango, gari, bima na ya kumtumia mama kule Tanga tunabaki na kama dola 500 kwa mwezi, na mpaka sasa zimekaa tu benki hazifanyi chochote.

Sasa kila mtu ana lake. Ofisi ya utumishi kazini wanasema nijiunge 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kupitia kazini, kampuni inaongeza nusu dola kwa kila dola nitakayoweka mpaka asilimia 6 ya mshahara. Shemeji yuko Dar anasema hiyo pesa utaiona ukiwa na mvi, nunua kiwanja Kigamboni. Rafiki yangu ananiambia UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya Tanzania. Na juzi tukitoka msikitini jamaa kanipa kadi yake, anauza bima ya maisha eti inakua kama uwekezaji na haipungui hata soko likianguka. Nyie mliotangulia mlianzia wapi? Na jueni sijaamua bado kama nitazeekea huku au Tanga.

#2 KaziKwanza (Minneapolis)
Mkuu usiiache nyongeza ya mwajiri hata siku moja. Chukulia unalipwa 40,000 kwa mwaka, asilimia 6 ni 2,400, yaani dola 200 kwa mwezi, na kampuni inakuwekea 1,200 juu yake. Hiyo ni 50% kabla soko halijafanya lolote. Niambie kiwanja gani Kigamboni kinakupa 50% siku unayolipia. Halafu 401(k) ya kawaida inakatwa kabla ya kodi ya mapato kwa hiyo mfukoni hutaona 200 nzima imeondoka.

#3 mzee_wa_Goba (Dar)
@KaziKwanza ngoja nikujibu hilo la kiwanja. Goba nimeingia watu wananicheka, barabara hakuna, maji hakuna, leo waulize wanauzaje. Ardhi haiongezeki. Hizo hisa zenu mwaka 2008 si zilianguka kwa zaidi ya theluthi? Mtu akiwa na hati yake mkononi analala.

#4 Tumaini_B (Houston)
Mzee wa Goba, hati mkononi sawa, je mwenye hati akiwa Ohio? Binamu yangu alimtumia ndugu pesa za kiwanja Chanika, akatumiwa picha za nguzo na karatasi ya serikali ya mtaa yenye mhuri. Alipokuja likizo akakuta kiwanja hichohicho kina watu watatu wenye karatasi za mhuri uleule. Kesi ipo mpaka leo na ukoo umegawanyika, hata msibani watu wanakaa mbalimbali. Sisemi ardhi mbaya, nasema ukinunua ukiwa mbali nunua kilichopimwa, chenye namba, ukafanye upekuzi ofisi ya ardhi wewe au wakili wako, siyo ndugu.

#5 Wa_Kitengela (Dallas)
Sasa hapa naona nyinyi watu mnaongea 401(k) na ploti kana kwamba hakuna kitu katikati. Bondi je, yaani hati fungani, unaikopesha serikali kwa riba? Mimi ni Mkenya, Februari 2024 serikali ilitoa bondi ya miundombinu ya miaka 8 na nusu, riba 18.46% na Kenya haikatwi kodi. Walitafuta bilioni 70, watu wakaleta zaidi ya bilioni 280! Unajisajili DhowCSD ya Benki Kuu kwa simu yako, ilianza 2023, bora uwe na akaunti ya benki ya Kenya. Bondi za kawaida zinaanzia shilingi 50,000 tu. Hakuna ndugu, hakuna broka wa ploti, riba inaingia kila miezi sita.

#6 KaziKwanza
Wewe unajiita Wa_Kitengela, mji wa ploti huko Kenya, halafu unakataza watu ploti 😂

#7 Wa_Kitengela
Ndiyo nimekaa huko, ndiyo maana najua.

#8 Ritani_Mapema (Houston)
Wakuu naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndipo watu wetu wanaumia, mimi kazi yangu ni kuandaa ritani za kodi na wateja wangu wengi ni Waafrika.

Ukiwa raia wa Marekani au una grini kadi, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) inataka mapato yako ya dunia nzima, siyo ya Marekani tu. Bondi ya Kenya isiyokatwa kodi Kenya, huku inakatwa. Hati fungani ya BoT (Benki Kuu ya Tanzania) hivyohivyo. Pango la nyumba yako ya Tanga linaandikwa kwenye ritani pia. Ardhi au nyumba iliyo kwa jina lako mwenyewe haiingii kwenye fomu ya akaunti za nje, lakini akaunti za benki, za bondi na za mifuko zinaingia. Ukijumlisha zote zikapita dola 10,000 hata kwa siku moja tu ndani ya mwaka unajaza hiyo fomu, inaitwa FBAR. Na akaunti uliyoandikishwa pamoja na mama yako kijijini inahesabika, hata kama pesa ni zake.

Msidhani ni maneno. Kuna kesi ya Bittner ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2023. Mzaliwa wa Romania, akapata uraia wa Marekani, akarudi kwao kufanya biashara, hakujua habari ya hiyo fomu kwa miaka mitano. Serikali ikataka dola milioni 2.72 kwa kuhesabu kila akaunti kila mwaka. Mahakama ikasema faini ni kwa fomu siyo kwa akaunti, ikashuka kwenye 50,000. Na huyo hakuwa anaficha makusudi!

Sasa UTT. Mifuko ya pamoja ya nje, kwa kawaida IRS wanaihesabu kama PFIC (kampuni ya nje ya kuwekeza tu) na kodi yake ni kali, na kuna fomu yake ndefu, 8621, kwa kila mfuko. Mani maketi za Kenya nazo ziko kwenye kapu hilohilo. Kwa hiyo mtu aliye Dar UTT ni kitu kizuri sana, mtu aliye Columbus ni kitu kingine kabisa.

#9 Mwanaisha_T (Dar)
Mfuko wa Umoja wa UTT uko tangu 2005, watu wanavuna humo kila mwaka, msiwatishe watu.

#10 Ritani_Mapema
Dada sijaitukana UTT. Nimesema aliyeko Ohio ana bosi wa pili wa kodi.

#11 Kijana_wa_Ilala (Boston)
Nyongeza kwa #8, ile fomu 8621 kuna msamaha. Kama jumla ya hivyo vipande vya nje ni dola 25,000 au chini mwisho wa mwaka, au 50,000 kwa mke na mume wanaojaza pamoja, na hujauza wala hujapata gawio kubwa kupita kawaida, hujazi. Kwa hiyo mwenye vipande vya milioni 3 za Tanzania asikimbie nchi.

#12 Ritani_Mapema
Sahihi kabisa, asante kwa kuweka sawa. Ila siku unauza hesabu inarudi, na gawio unaandika. Wengi hawaweki kumbukumbu ya walinunua lini kwa bei gani, miaka kumi baadaye wananiletea skrinishoti za simu.

#13 Baba Nasra
Asanteni sana wakuu, naona kichwa kinaanza kupata moto. Maswali matatu. Moja, nikirudi Tanga kabla ya uzee hiyo 401(k) inapotea? Mbili, mimi ni Muislamu, humo ndani si kuna mabenki na pombe? Tatu, hakuna aliyejibu kuhusu ile bima.

#14 KaziKwanza
La kwanza: haipotei. Ulichoweka wewe ni chako asilimia 100 tangu siku ya kwanza. Alichoongeza mwajiri soma karatasi za mpango wenu, wengine wanakupa chote papo hapo, wengine kidogokidogo kwa miaka, sheria haiwaruhusu kuzidi miaka 6. Ukitoa kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida unalipa kodi ya mapato na faini ya 10%. Ukiwa umeshaacha ukaazi wa huku mara nyingi wanazuia 30% palepale, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kupunguza hiyo. Lakini hulazimiki kutoa, unaweza kuiacha humo au kuihamishia IRA yako, akiba ya uzeeni unayofungua mwenyewe nje ya kazi.

Ukishachukua nyongeza yote ya mwajiri, kinachobaki peleka Roth IRA, ile IRA unayoweka pesa iliyokwishakatwa kodi. Mwaka 2026 mwisho ni 7,500 kwa mtu wa chini ya miaka 50. Uzuri wa Roth, ile uliyoweka mwenyewe (siyo faida) unaweza kuitoa wakati wowote bila kodi wala faini. Kwa mtu asiyejua atazeekea wapi hiyo ni nafasi ya kupumua.

#15 Maalim_Tandika (Washington DC)
Assalamu alaykum Baba Nasra. La pili nitalichukua mimi. Mfuko wa indeksi (unaofuata orodha ya hisa, hapa za makampuni makubwa 500 ya Marekani) wa S&P 500 una mabenki ndani, kweli. Lakini ipo mifuko iliyochujwa kisharia: Amana iko Marekani tangu 1986, na siku hizi kuna HLAL na SPUS zinazonunuliwa kama hisa za kawaida. Zinatoa nje benki, bima, pombe, kamari, nguruwe, na makampuni yenye madeni makubwa. Makato yake ni kama nusu ya asilimia moja kwa mwaka, ni zaidi ya mfuko wa kawaida ambao unaweza kukata 0.03% tu, lakini dini ina gharama zake. Tatizo ni kwamba 401(k) nyingi hazina mifuko hiyo kwenye orodha. Uliza kama mpango wenu una dirisha la udalali, wanakuruhusu kununua mifuko mingine kwa kupitia hapo. Kama hakuna, chukua mfuko wa hisa usio na bondi, pata nyongeza ya mwajiri, halafu Roth yako ndiyo uijaze halali tupu. Na bondi zote za serikali tulizozungumza huko juu, za Kenya na BoT, hizo ni riba wazi.

#16 Abuu_Rayyan (Columbus)
Maalim hapo kwenye "chukua mfuko wa hisa usio na bondi" sikubaliani. Haramu kidogo ni haramu. Mimi nimeacha kabisa 401(k).

#17 Maalim_Tandika
Ndugu yangu kila mtu na shekhe wake. Wapo wanazuoni wanaosema nyongeza ya mwajiri ni sehemu ya ujira wako, na faida iliyochanganyika unaisafisha kwa kuitoa sadaka. Wapo wanaosema kama wewe. Baba Nasra aulize hapo Columbus, misikiti ipo mingi.

#18 Sifa_Uvira (Louisville)
Jambo bandugu. Miye ni Mukongomani, tulitoka Uvira, tukakaa kambini Tanzania, sasa tuko Kentucky. Siye tunafanya likelemba, batu kumi, kila mwezi dola 300, mumoja anabeba yote. Ndio tulinunulia gari ya kwanza. Lakini likelemba haizai, unapata ile ulitoa. Kitu kilitusaidia ni ile deni ya ndege ya IOM (shirika ya UN ya bahamiaji) yenye bakimbizi balipaka. Haina interesti, kila mwezi unalipa kidogo, na inaandikwa kwa kreditiskoo. Kama unalipa kila mwezi bila kukosa, unapata skoo ya kununua nyumba. Siye tulinunua nyumba hapa Louisville. Bwana yangu anasema ile ndio investissement yetu, batoto beko na makao.

#19 Tumaini_B
Mama Sifa hongera sana. Na huku Tanzania tunaita mchezo au upatu.

#20 Wa_Kitengela
Kenya ni merry-go-round ya chama, lakini chama zingine zimenunua nyumba za ghorofa kabisa.

#21 Bi_Leicester (Leicester)
Nyie wa Marekani mna bahati ya kujazwa hesabu. Sisi Uingereza mwajiri anakuingiza mwenyewe kwenye pensheni ukiwa na miaka 22 na unalipwa zaidi ya pauni 10,000, jumla kwa uchache ni 8%, mwajiri 3%. Na bado nina wenzangu kazini wamejitoa! Ukimuuliza anasema pesa inahitajika nyumbani sasa hivi. Kila mtu hapa anazungumzia mfuko gani, kodi gani, lakini kinachofanya sisi tuzeeke bila kitu ni simu. Simu ya saa tano usiku: ada, msiba, mgonjwa, harusi. Mwanamke anafanya zamu mbili, anajengea watu wengine maisha, akifika miaka 60 hana nyumba kule wala pensheni huku. Mimi niliwaambia kwetu wazi, kila mwezi natuma kiasi fulani tarehe fulani, dharura iko kwenye akaunti yake, ikiisha imeisha. Walinuna. Sasa wamezoea.

#22 mzee_wa_Goba
Bi Leicester usiseme hivyo. Hao unaowatumia ndio watakaokupokea. Mzee wa kwetu anazeeka na watu siyo na pensheni.

#23 Bi_Leicester
Mzee wangu nakuheshimu, lakini nataka niwapokee nikiwa na changu. Mama yangu nitamtunza mpaka siku ya mwisho, wengine wafanye kazi.

#24 Bima_Bora_US (Columbus)
Salaam wote. Nadhani mtu wa msikitini ni mimi 😊 Hiyo bima inaitwa IUL. Sehemu ya pesa ni bima ya maisha, sehemu inafuata indeksi, soko likishuka unapata sifuri, siyo hasara. Unaweza kukopa humo bila kodi. Familia ikifiwa inapata pesa nzima. Msiwakatishe watu tamaa kwa vitu msivyovijua.

#25 Kijana_wa_Ilala
Kaka karibu, nakuuliza kwa heshima. Soko likipanda 25% mteja anapewa yote au kuna kikomo? Gawio la hisa anapata? Gharama ya bima inakatwa hata mwaka wa sifuri? Akivunja mwaka wa tatu anarudishiwa kiasi gani? Na wewe kamisheni yako mwaka wa kwanza ni shilingi ngapi?

#26 Bima_Bora_US
Kikomo kipo, kinatofautiana. Gharama zinakatwa ndiyo, kila bidhaa ina gharama. Nikutumie maelezo inboksi.

#27 Kijana_wa_Ilala
Weka hapahapa kila mtu aone. Baba Nasra, bima ya maisha unaihitaji, una watoto wawili. Lakini chukua ya muda, miaka 20 au 30, unalipa kidogo kwa mwezi kwa fidia kubwa, basi. Uwekezaji uweke pembeni. Na hesabu hii uifanye mwenyewe: dola 200 kila mwezi kwa miaka 30, soko likikupa 7% unafika kama 244,000. Mtu akikata 1% tu katikati, ikawa 6%, unafika kama 201,000. Asilimia moja imekula 43,000, na hizo gharama za IUL ni zaidi ya moja.

#28 Tumaini_B
Na bima ya muda inaondoa lile kapu la michango. Mtu akifa huku tunaanza kupitisha bakuli la kusafirisha mwili, wiki nzima kwenye magrupu ya WhatsApp, watoto wanasikia baba yao anachangiwa. Inaniuma sana hii.

#29 Sifa_Uvira
Kweli kabisa.

#30 Mwananyamala_Juu (Atlanta)
Mnazungumza mifuko lakini hamjajibu kwa nini watu wetu wanakimbilia kiwanja. Mimi naona ni DECI, ule utapeli wa upatu wa Tanzania. 2009 watu walipanda mbegu wakaambiwa watavuna, wazazi wetu wakaliwa. Toka hapo ukimwambia mtu "weka pesa ikue" anasikia DECI. Na huku nako TelexFree ya Massachusetts, utapeli kama huohuo ulioanguka 2014, iliwala wahamiaji Wabrazili na Wadominika kwa lugha zao. Kwa hiyo hofu siyo ujinga.

#31 Wa_Kitengela
Mimi siamini ni DECI peke yake. Ni makaratasi. Mtu asiyejua kama visa itaongezwa hawezi kufikiria miaka 30. Udongo ni kitu hawawezi kukufukuza nacho.

#32 Ritani_Mapema
Nao huo udongo una masharti @Baba Nasra. Ukichukua uraia wa Marekani, Tanzania haina uraia pacha, na asiye raia hamiliki ardhi kama raia. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi kwa ajili ya hadhi maalumu ya diaspora, fuatilia hilo kabla ya kuapa. Wakenya wao wana uraia pacha tangu Katiba ya 2010.

#33 Dada_Deira (Dubai)
Na sisi wa Ghuba je? Hakuna kodi ya mshahara lakini hakuna pensheni ya mgeni. Kampuni binafsi UAE inakupa kiinua mgongo, siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka miaka mitano ya mwanzo, baadaye siku 30. Uraia hatupati hata tukikaa miaka 40. Kwangu mimi UTT, na hati fungani za BoT kuanzia shilingi milioni moja, ndizo zenyewe, na hiyo PFIC hainihusu.

#34 Mwanaisha_T
Umeona sasa! Waliowahi ile hati fungani ya miaka 25 ya 2021 wanakula 15.95% mpaka leo. Mwaka 2022 zilizofuata zikashushwa 12.56%.

#35 KaziKwanza
15.95 ya shilingi. Dola ilikuwa karibu 1,650 mwaka 2014, mwaka 2024 ikafika 2,700.

#36 Mwanaisha_T
Na Desemba 2024 hiyohiyo ikarudi karibu 2,400, mbona hiyo husemi. Dada Deira atatumia shilingi, siyo dola.

#37 Wa_Kitengela
Aliyepeleka dola Kenya Januari 2024 ikiwa karibu 160, akanunua ile ya 18.46%, mwaka 2025 dola ilikuwa kama 129. Amepiga pande zote mbili. Aliyepeleka 2014 kwa 87 ana hadithi nyingine.

#38 KaziKwanza
Ndiyo maana nasema pesa iwe kwenye sarafu ya mahali utakapoila.

#39 Kijana_wa_Ilala
Na yeye keshasema hajui ataila wapi 😅

#40 Baba Nasra
Wakuu nimesoma yote, mama watoto naye kasoma. Jumatatu naweka asilimia 6 kwenye 401(k), na nitauliza habari ya dirisha la udalali. Yeye kazini kwake hawaongezi kitu kwa hiyo tunamfungulia Roth tuanze na 100 kwa mwezi kwenye moja ya hizo za Maalim. Bima ya muda tunaulizia bei. Kiwanja bado tunabishana ndani ya nyumba, yeye kwao Korogwe ana shamba la baba yake halina hati, anasema tulipime hilo kwanza kabla ya kununua la mtu. Kuna mtu anajua gharama za kupima kule zikoje sasa hivi?

#41 mzee_wa_Goba
Mke wako ana akili. Pimeni mkiwa wengi, majirani wote pamoja, mpima anapunguza bei. Na ndugu wote wa baba yake wawepo siku ya kuweka mawe.

#42 Ritani_Mapema
Na ukituma hela ya mpima tumia benki au kadi. Tangu Januari 2026 ukipeleka keshi kwa wakala wa kutuma pesa unakatwa 1% ya serikali, ukilipa kutoka akaunti ya benki ya huku au kadi haikuhusu.

#43 Abuu_Rayyan
Baba Nasra, hapa Columbus ukipata jibu la shekhe kuhusu 401(k) niandikie, na mimi nataka kusikia alichosema.